Swali la Kumi na Saba

Nafundisha saikolojia katika chuo kimoja mjini Bukoba, na kila mwaka kuna ukurasa mmoja ninaoupitia mbiombio. Ni ukurasa wa mwanzo wa somo la mbinu za utafiti. Unasema kwamba sayansi yetu hupima watu wengi ili ipate kusema jambo la jumla, na kwamba yule mtu mmoja aliyeketi mbele yako anaweza asifanane na hilo la jumla hata kidogo. Nausoma haraka, naandika neno "wastani" ubaoni, naendelea. Wanafunzi hudhani nina haraka ya kumaliza mtaala. Kumbe namkwepa mama mmoja wa Bumbire.

Nilikutana naye nikiwa na miaka ishirini na sita. Nilikuwa nimerudi nyumbani Nyanga kutoka Dar es Salaam kukusanya data za shahada ya pili, na baba yangu, mwalimu mstaafu, alikuwa akinitambulisha kwa kila mgeni kwa neno la Kihaya la kumtania msomi: "Huyu ndiye nshomile wangu." Mimi nilijifanya naona aibu, lakini nilipenda.

Utafiti wangu ulihusu majonzi ya wanawake waliofiwa na waume zao ziwani. Hojaji ilitoka ng'ambo, ikatafsiriwa kwa Kiswahili kizuri cha vitabuni. Ilikuwa na maswali ishirini na manne. Mengi yalijibiwa kwa kuchagua: sijawahi, mara chache, mara nyingi, kila siku. Machache yalitaka ndiyo au hapana tu. Msimamizi wangu, profesa mpole aliyekuwa akizungumza taratibu kana kwamba ananyoosha kila sentensi kwa pasi, alinionya kabla sijaondoka.

"Soma swali kama lilivyo. Usieleze, usiongeze. Ukimuuliza kila mtu kwa namna yake, utarudi na hadithi tu. Hutaweza kulinganisha."

Alikuwa sahihi. Nalisema hili mapema kwa sababu nimetumia miaka mingi kujaribu kumtupia yeye lawama, na haikai.

Nilivuka kwenda kisiwa cha Bumbire kwa boti kutoka upande wa Muleba, na boksi la fomu nimelifunga kwenye mfuko wa plastiki. Mtendaji wa kijiji alinipa orodha ya wajane. Siku ya tatu, asubuhi, nikafika kwa mama huyo. Nyumba yake ilikuwa ya mabati, karibu na mwalo, mahali boti zinapoegeshwa. Alikuwa ameketi kwenye mkeka mlangoni akichambua dagaa, akitupa pembeni vijiwe na makonokono madogo. Alikuwa mwembamba, kichwani kafunga kitenge cha kijani, na mikono yake ilikwenda kasi bila yeye kuitazama. Binti yake wa miaka kama minane alikuwa akitandaza dagaa wabichi kwenye vichanja vya kuanikia.

"Karibu, mwanangu. Kwenu wapi?" aliniuliza.

"Nyanga, mama."

Uso ukamfunguka. "Waitu! Mimi kwetu Kaagya. Niliolewa huku. Basi tuzungumze Kihaya, nimechoka na Kiswahili cha mwaloni."

Nikatabasamu. "Ningependa, mama. Lakini fomu ni ya Kiswahili. Lazima niwaulize wote sawasawa."

"Sawa," akasema. Akasogea kunipa nafasi kwenye mkeka. Nikaketi, nikamsomea karatasi ya ridhaa, akaweka alama ya kidole. Nikaandika juu ya fomu: 41.

Tangu maswali ya mwanzo alinitatiza.

"Katika mwezi uliopita, umejisikia huzuni?"

"Kila siku."

"Umefurahia mambo ambayo zamani ulikuwa ukiyafurahia?"

"Kila siku."

Nikanyanyua kichwa. "Mama, ulisema una huzuni kila siku."

"Ndiyo."

"Na furaha pia kila siku?"

"Ndiyo. Si umeuliza vyote viwili?"

Nikaweka tiki zote mbili. Nakumbuka nilifikiri kwamba hajaelewa. Halikunijia wazo kwamba asiyeelewa ni mimi. Tukaendelea na usingizi, na chakula, na maumivu ya mwili, mpaka swali la kumi na saba.

"Je, marehemu huzungumza nawe?"

Mikono yake ikasimama juu ya dagaa. Ilikuwa mara ya kwanza kusimama tangu nifike.

"Huyu mume wangu," alianza, "alikuwa na tabia moja. Ngoja nikueleze..." Akaingia Kihaya, sauti ikashuka, ikawa laini.

Nilikuwa na wajane wengine watatu wa kuwaona kabla boti haijaondoka mchana. Nikaitazama saa.

"Mama, samahani. Hapa wanataka ndiyo au hapana tu."

Akanitazama kidogo. "Nizungumze naye, au yeye anijibu?"

"Akujibu."

"Basi ndiyo. Ananijibu."

Pembeni ya swali hilo kulikuwa na maelezo kwa maandishi mekundu: mtafitiwa akijibu ndiyo, aandikiwe barua ya rufaa kwa matibabu ya akili. Nilimaliza maswali saba yaliyobaki, nikamshukuru, nikaenda kwa jirani. Jioni ile, nikiwa nimelala kwa mwenyeji wangu kwa kuwa boti ilikuwa imeniacha, nikaandika barua. Sentensi zake nazikumbuka kwa sababu nilijivunia ufupi wake: kwamba mtajwa, mjane, anasikia sauti ya marehemu mumewe, kwamba majibu yake mengine yanapingana, kwamba apelekwe hospitali kwa uchunguzi. Nikatia jina na sahihi.

Barua hiyo ilitakiwa kufika mkononi mwa muuguzi wa zahanati. Asubuhi nikaambiwa muuguzi amevuka kwenda nchi kavu, atarudi baada ya siku mbili. Mimi nilikuwa naondoka. Bahasha zangu zilikuwa zimelowa botini siku ya kwanza. Nikaikunja ile karatasi mara nne, nikampa mtendaji, nikamwomba amfikishie muuguzi. Hakuna aliyenilazimisha kufanya hivyo. Ningeweza kusubiri. Ningeweza kurudi kwenye ule mkeka na kusema, "Mama, jana ulikuwa unaanza kunieleza jambo." Ni mwendo wa dakika tano.

Niliporudi Dar es Salaam nikaingiza fomu zote kwenye kompyuta. Kila mwanamke akawa mstari mmoja, kila jibu likawa tarakimu. Mistari ilikwenda pamoja vizuri kuliko nilivyotumaini, isipokuwa mmoja. Nikampelekea msimamizi. Akausogeza uso wake karibu na kioo.

"Huyu wa arobaini na moja ni nani? Huzuni juu kabisa, furaha juu kabisa."

"Ni mama mmoja wa kisiwani. Nimemwandikia rufaa. Anasikia sauti."

"Basi ni mgonjwa, na majibu yake hayaaminiki. Anatuharibia picha. Mtoe, uandike kwenye tanbihi kwamba fomu moja haikutumika."

Nikauchagua ule mstari, nikabonyeza, mistari ya chini ikapanda kuziba pengo. Ikawa kama hajawahi kuwapo. Tanbihi ilikuwa na maneno yasiyofika kumi.

Sasa naeleza jambo ambalo sijapata kumweleza mtu. Nikiwa naandika sura ya mwisho ya tasnifu, nilipata ujumbe wa simu kutoka kwa muuguzi wa zahanati ya kisiwani. Aliandika: "Dada, yule mama uliyemwandikia barua amerudishwa kutoka Bukoba. Hali si nzuri na watu wanamsema. Nakuomba ukipata nafasi uje tuzungumze." Nilimjibu saa ileile: "Pole sana. Nitakuja nikimaliza kuandika." Nilimaliza. Nikasifiwa. Baba akachinja mbuzi, ndugu wakaja kutoka Muleba na ndizi na rubisi, pombe yetu ya ndizi, padri akanibariki mbele ya watu wote. Siku ile nilikuwa nyumbani Nyanga, safari ya siku moja tu kutoka Bumbire. Nikala, nikacheza. Wiki iliyofuata nikarudi Dar es Salaam kutafuta kazi, na namba ya yule muuguzi ikapotea nilipobadilisha simu. Hivyo ndivyo nilivyozoea kusema, "ikapotea."

Ikapita miaka kumi na miwili. Nikapata kazi Bukoba, nikaolewa, mama yangu akafariki, nikaanza kuvaa miwani. Wagonjwa pia nilikutana nao, maana mara mbili kwa wiki nilikuwa nikitoa ushauri nasaha. Baadhi niliwaandikia rufaa, wakapata dawa, wakapata nafuu, wakaja kunishukuru. Sitaki mtu asome haya akadhani dawa ni adui. Nimemwona kijana aliyekuwa akizungukwa na sauti za kumtukana akapata usingizi kwa mara ya kwanza baada ya miezi. Kosa ninaloungama hapa ni lingine.

Mwaka juzi, baada ya kipindi cha mbinu za utafiti, msichana mmoja wa mwaka wa kwanza alibaki darasani wenzake walipotoka. Alikuwa mtulivu, wa kuandika sana na kuuliza kidogo. Akanisubiri nikusanye karatasi zangu.

"Mwalimu, naomba nikuoneshe kitu."

Akatoa kwenye daftari karatasi iliyofungwa ndani ya nailoni. Ilikuwa imekunjwa mara nne, na mikunjo imekatika. Niliyatambua maandishi yangu kabla sijasoma neno.

"Hili ni jina lako?"

"Ndiyo," nikasema. "Ni langu."

"Huyu aliyeandikwa hapa ni mama yangu."

Niliketi kwenye dawati la mwanafunzi. Yeye akaendelea kusimama. Sikuona hasira usoni mwake, na nadhani ingenisaidia kama ningeiona. Alinieleza kana kwamba anajibu swali la mtihani, jambo moja baada ya jingine.

Mtendaji hakumpa muuguzi ile barua. Alimpa baba mdogo, yaani mdogo wake marehemu, kwa kuwa ndiye mwanaume wa ukoo aliyekuwa karibu. Baba mdogo akaisoma mwaloni, kwa sauti, kwa sababu wenzake walitaka kujua imeandikwa nini. Kabla jua halijazama kila mtu pale alijua kwamba msomi kutoka chuo kikuu ameandika kuwa yule mama anasikia sauti za wafu. Siku chache baadaye akachukuliwa kwa boti. Alikataa kupanda, wakambeba. Hospitalini walisoma barua, wakayanakili maneno yake kwenye jalada na kumrudishia baba mdogo karatasi, wakamuuliza mama kama ni kweli, akanyamaza, wakaandika kwamba hatoi ushirikiano. Akalazwa wiki tatu. Aliporudi alikuwa akitembea kama mtu aliyevaa nguo zilizolowa maji. Wanawake wenzake walikuwa wamegawana nafasi yake ya kuanikia. Wanunuzi waliogopa dagaa walioguswa na mikono yake.

"Na wewe?" nikauliza.

"Mimi nilikuwa nimehamishiwa kwa baba mdogo. Walisema mtoto hawezi kulelewa na kichaa. Mama akaja kunichukua mara mbili, wakamfukuza. Kaka yake akaja akampeleka kwao Kaagya. Nilikaa kwa baba mdogo mpaka nimemaliza kidato cha nne. Mke wake namwita mama." Akaikunja karatasi taratibu. "Mama yangu nilimzoea tena juzi juzi tu. Bado tunazoeana."

Nikasema naomba unisamehe. Maneno yalitoka membamba.

"Sikuja kwa ajili hiyo, Mwalimu," akasema. "Leo umefundisha namna ya kushughulikia majibu yasiyolingana na mengine. Ukasema wakati mwingine tunayatoa. Nilitaka kujua kama na yeye mlimtoa."

"Ndiyo. Nilimtoa."

Akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyepewa alama aliyoitarajia. "Asante," akasema, akatoka.

Nilimtafuta baada ya siku mbili, nikamwomba anipeleke kwa mama yake. Akasema atauliza. Jibu lilikuja: hataki. Nikauliza tena baada ya mwezi. Hataki. Wakati huo nilikuwa nafundisha kama kawaida, nasahihisha mitihani, naenda misa ya Jumapili, na katika kuungama nilitaja uvivu na hasira. Sikujua dhambi ile ninaiitaje. Hakukuwa na kanuni niliyoivunja. Nilifuata kila maelekezo mekundu yaliyokuwa pembeni. Ndiyo maana iliniuma vibaya: ningeiba, ningejua la kusema.

Mara ya tatu binti aliniletea ujumbe. "Amesema uje siku ya Jumamosi. Amesema uje bila karatasi."

Asubuhi ya Jumamosi nilijiandaa, na nikiwa mlangoni nikasikia mama yangu akisema, chukua mwavuli, huko juu kuna mawingu. Mama yangu alikuwa na miaka mitatu kaburini. Nikarudi ndani nikachukua mwavuli bila hata kulifikiria, nikaendesha gari hadi Kaagya.

Nyumba ilikuwa katikati ya kibanja, migomba imeizunguka pande zote na mibuni chini yake. Alikuwa amenenepa kidogo na nywele zimekuwa na mvi. Alikuwa ameketi barazani, buni zimetandazwa kwenye mkeka mbele yake, anachagua mbovu. Mikono sasa ilikwenda polepole. Binti yake aliketi kwenye ngazi.

Nikapiga magoti nikamwamkia kwa Kihaya. Akaniacha pale chini kwa muda.

"Ndiye wewe wa ndiyo au hapana?" akauliza.

"Ndiye mimi, mama."

"Keti."

Akanisogezea kikapu kidogo cha akamwani, kahawa kavu ya kutafuna, kama anavyopewa mgeni yeyote. Nikachukua punje mbili. Nikazitafuna.

"Mama, nimekuja kukuomba msamaha. Na nimekuja kuuliza lile ambalo sikuuliza. Siku ile ulitaka kunieleza kuhusu tabia ya mzee. Nikakukatiza."

Alichagua buni kwa muda mrefu. Mvua ikaanza, ndogo, juu ya majani ya migomba. Halafu akasema, kwa Kihaya, bila kunitazama:

"Mume wangu alikuwa akitoka ziwani asubuhi. Anakula, anajilaza pale ndani, karibu na mlango. Mimi nakaa kwenye mkeka nachambua dagaa na kumweleza habari za jana. Nani kagombana na nani. Mtoto kafanya nini shuleni. Amelala, anakoroma. Watu wakipita wananicheka, wanasema unazungumza na gogo. Alasiri akiamka, ananawa uso, ananijibu yote. Moja baada ya jingine. Yule uliyesema amegombana, mkosaji ni huyu. Mtoto mnunulie daftari. Sijui alikuwa akisikiaje. Miaka tisa tuliishi hivyo."

"Na alipofariki?"

"Dagaa walikuwa bado wanataka kuchambuliwa. Nikaendelea kumweleza. Na alasiri nikawa najua angesema nini. Namjua yule. Nikimwambia jambo, jibu lake linakuja na sauti yake na kikohozi chake. Nilikuwa nalia asubuhi nikiamka, kitanda kitupu. Halafu nakaa kwenye mkeka namweleza, nacheka. Ukaniuliza huzuni, nikasema kila siku. Ukaniuliza furaha, nikasema kila siku. Ukanitazama kama nimekudanganya."

"Ndiyo," nikasema. "Nilikutazama hivyo."

"Wewe, mama yako yupo?"

"Alifariki, mama."

"Hakusemeshi?"

Nikautazama mwavuli wangu pale sakafuni. Nikamweleza habari ya asubuhi, mlangoni. Binti akageuka kunitazama kwa mara ya kwanza siku ile.

"Basi na wewe tungekuandikia barua," mama akasema. Alisema bila kutabasamu, ingawa baadaye nimejaribu mara nyingi kukumbuka kama midomo ilicheza.

Nikauliza swali ambalo nilidhani nalijua jibu lake. "Na sasa, bado mnazungumza?"

Mikono ikasimama.

"Zile dawa zilikuwa nzito. Nililala mchana na asubuhi. Niliporudi nyumbani hakukuwa na dagaa wa kuchambua, wala mtoto wa kumsimulia. Nikakaa mlangoni hivyo hivyo, nikamwambia: nimerudi. Nikasubiri mpaka jioni. Kimya. Kesho yake kimya. Nikaziacha dawa, nikadhani labda ndizo. Kimya. Nimekuja nyumbani kwetu, nimejaribu hapa kibarazani, nimejaribu kanisani. Ile sauti siikumbuki tena. Naukumbuka uso. Kikohozi nakumbuka kwamba alikuwa nacho, lakini sikisikii." Akaokota buni, akaitazama, akaitupa kwenye mbovu ingawa niliiona nzima. "Mliniponya."

Nimesoma vitabu vingi kuhusu majonzi. Najua wanavyosema, kwamba kusikia sauti ya mpendwa aliyefariki ni jambo la kawaida kwa wengi, na kwamba kwa baadhi ni dalili ya hatari, na kwamba tofauti huonekana ukimsikiliza mtu mwenyewe. Nayafundisha. Lakini pale barazani sikuwa na la kufundisha. Mwanamke huyu alifiwa na mume mara mbili, na mara ya pili ilitokana na mkono wangu, na sahihi yangu ilikuwa ndani ya daftari la mwanawe.

Sikumwomba tena msamaha. Niliona ningekuwa namtaka anipe kitu kingine juu ya vile alivyokwisha kunipa. Nikamuuliza kama kuna jambo lolote angependa nifanye.

"Jalada langu bado lipo kule hospitali?"

"Nadhani lipo."

"Ndani yake imeandikwa maneno yako. Mimi nikifa, ndiyo yatakayobaki kule. Nataka yaandikwe na mengine."

Ilinichukua karibu miezi miwili. Maneno yaliyokwisha kuandikwa hayafutwi, na ni haki yasifutwe, lakini mganga mfawidhi aliniambia kwamba ukurasa unaweza kuongezwa ikiwa mwenye jalada ameridhia na mwandishi wa barua ya awali ametia sahihi. Nilimwandikia pia profesa wangu, ambaye sasa amestaafu. Alinijibu kwa upole, kwamba kwa maelezo niliyokuwa nayo siku ile nilifanya lililopaswa, na kwamba nisijitese. Nilisoma barua yake mara nyingi. Kila sentensi ilikuwa ya kweli. Kilichonishinda ni hicho kipande cha maelezo niliyokuwa nayo: maelezo yalikuwa kwenye mkeka, nusu mita kutoka gotini kwangu, yakisema ngoja nikueleze.

Kisiwani nilikwenda pia. Nilimkuta baba mdogo, mtu mzima sasa, anayeumwa mgongo. Nikamweleza kwamba barua yangu ilikuwa na kosa, na kwamba shemeji yake hakuwa kichaa. Akanisikiliza. "Mbona hukusema wakati ule?" akauliza. Wanawake wa kwenye vichanja wengi walikuwa wageni, hawakumjua mtu ninayemtaja.

Ukurasa wenyewe niliuandika mara sita. Mara ya kwanza ulijaa maneno ya taaluma, nikauchana. Mara ya tatu ulikuwa unanihusu mimi zaidi kuliko yeye, nikauchana pia. Wa sita nikauchukua, nikaenda nao Kaagya, na safari hii nikaruhusiwa kuingia na karatasi. Binti alikuwepo, amerudi likizo, amevaa kanga ya mama yake kiunoni akimenya ndizi za mchana. Wao wawili walikuwa wakizungumza kwa uangalifu, kama watu wanaosaidiana kubeba mzigo wasioujua uzito wake.

Nikawa nasoma sentensi moja kwa Kiswahili, kisha naieleza kwa Kihaya. Kwamba siku hiyo nilimkuta akifanya kazi, ana akili zake timamu. Kwamba nilimuuliza swali lisilo na nafasi ya jibu lake, na alipotaka kulieleza nilimkatiza. Kwamba alikataa kwenda hospitali. Kwamba yale aliyoyaita kujibiwa yalikuwa ni kumkumbuka mumewe kwa namna waliyoishi miaka tisa.

Alisikiliza macho kayafumba. Nilipomaliza nikasubiri.

"Umesahau kitu," akasema.

"Kipi, mama?"

"Siku ile nilikupikia."

Nilitafuta kichwani. Fomu ile ninaikumbuka yote, jibu kwa jibu, hata wino uliovuja kwenye swali la tano. Chakula sikukiona popote.

"Ulimaliza maswali yako, nikakwambia usiondoke na njaa," akasema. "Ndizi na sangara. Ulikula ukamaliza, ukaomba mchuzi zaidi. Ndipo ukaenda kwa jirani. Mtu mgonjwa wa akili ndiye aliyekulisha, na kwenye barua hukuandika."

"Ni kweli," binti akasema kutoka jikoni. "Mimi ndiye niliyekunawisha mikono."

Nikatoa kalamu, nikaweka karatasi gotini, nikaandika kwa mkono, chini ya maneno yaliyochapwa: Alinipikia ndizi na sangara, nikala. Nikamsomea.

"Na mchuzi," akasema.

Nikaongeza mchuzi. Akaniambia nisome tena, tangu mwanzo.